Mazuku, neno la Goma lililoingia katika Kiingereza cha volkeno

Kijikaratasi cha kuwaonya watu kuhusu gesi inayoua kilikuwa cha kurasa mbili, kwa Kiingereza, na kwenye mstari wa tatu nikakuta neno letu: mazuku. Lilikuwa limelazwa kwa herufi za mshazari, kama waandishi wa Kiingereza wanavyoyafanyia maneno ya wageni, na baada yake maelezo mafupi kwamba maana yake ni "upepo mbaya". Shirika lililonipa kazi lilitaka nitafsiri kila kitu kwa Kiswahili, ila neno hilo niliondoe. Niandike "gesi ya kaboni dayoksaidi", kwa sababu mazuku, walisema, linanuka ushirikina.

Kazi yangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ni kutafsiri, na kwa kuwa tunaishi chini ya mlima wa volkeno, Nyiragongo, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni maneno ya volkeno. Ombi lile lilinikera.

Kwa wasioishi huku: ardhi ya magharibi ya mji, kuelekea Sake, ina nyufa zinazopitisha kaboni dayoksaidi kutoka chini sana. Gesi hiyo ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo ikitoka haipandi. Inatiririka kama maji, inatafuta bonde, shimo, au kijia kilichozama kati ya mawe ya lava, na inatuama humo. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Haina rangi. Katika hewa ya kawaida kaboni dayoksaidi haifiki hata asilimia 0.1, lakini ikipita asilimia 10 mtu huzimia kwa dakika chache, na ndani ya mazuku inaweza kuwa nyingi kupita hapo mara kadhaa. Wengi huichanganya na gesi iliyofungwa katika vilindi vya Ziwa Kivu. Hilo ni jambo lingine, nalo lina hatari yake. Mazuku yanatoka ardhini, na yanaua mmoja mmoja, kimya kimya.

Nimewahi kusimama ukingoni mwa shimo lenye mazuku, upande wa Bulengo, saa mbili asubuhi. Shimo lenyewe halikuwa na kina cha kumfunika mtu mzima. Majani yake yalikuwa mabichi, mazuri kabisa, na katikati ya majani hayo alilala ndege mdogo wa kahawia, mabawa yamekunjwa, hana jeraha. Hatua mbili kutoka kwake kulikuwa na mjusi, na kando ya mjusi panzi watatu. Mama mmoja aliyepita na kidumu cha maji kichwani hakusimama hata kidogo. Alimvuta mtoto wake kwa mkono akamwambia, "Usishuke mule, kuko mazuku." Mtoto akahamia upande wa pili wa njia. Onyo lote lilimalizika kwa maneno manne.

Sasa tazama Kiingereza kimelifanya nini neno hili. Wataalamu wa volkeno wamelichukua, wanalitumia katika makala zao, na wamelipa sarufi yao: wanasema "a mazuku", mazuku moja, kana kwamba ni kitu cha kuhesabika chenye mipaka, yaani lile shimo ambamo gesi imetuama. Sisi hatuhesabu. Sijawahi kumsikia mtu wa Goma akisema "zuku". Kwetu mazuku ni ile hewa, ni pale mahali, na ni kile kitu kinachomkuta mtu, vyote kwa pamoja. Na yale maelezo ya "upepo mbaya" hayanitoshi. Ndani ya neno hamna upepo, tena upepo ndio unaoyafukuza mazuku! Sikio la Mswahili linakimbilia kwingine: kuzuka, kutokea ghafla pasipotarajiwa, na mzuka, kile kinachomtokea mtu gizani. Kwangu mimi neno linaeleza vizuri: kitu kisichoonekana, kinachotoka ardhini bila hodi.

Kwa nini Kiingereza kiliazima? Maneno ya gesi zinazoua hakikuyakosa. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa na ukoo mzima wa majina yenye "damp" ndani yake. "Firedamp" ni methani, ile inayolipuka. "Blackdamp", au "chokedamp", ni hewa iliyoishiwa oksijeni na kujaa naitrojeni na kaboni dayoksaidi, inayozima taa kisha ikamzima mwenye taa. Mwingereza wa leo akisikia "damp" anafikiria unyevunyevu, lakini zamani neno hilo lilikuwa na maana ya mvuke, kama Wajerumani wanavyosema "Dampf" hadi leo. Lipo pia "mofette", kutoka Italia, ambako karibu na Naples kuna pango linaloitwa Grotta del Cane, Pango la Mbwa. Waongozaji wa wageni walikuwa wakimwingiza mbwa humo azimie kwa sababu pua yake iko chini, huku bwana wake amesimama wima, hana neno. Ukatili mtupu, ingawa unaonyesha vizuri kwa nini huku kwetu watoto wako hatarini kuliko wazazi wao. Lakini "blackdamp" ni la mgodini, na "mofette" ni tundu gesi inapotokea. Mahali gesi inapotuama na kuua palihitaji jina, na jina hilo lilikuwepo tayari huku Goma.

Kuhusu ushirikina, nililiandikia shirika habari za Jan Baptist van Helmont, daktari wa Brussels wa karne ya 17. Alichoma makaa ratili 62, akabaki na majivu ratili 1 tu. Akasema zile ratili nyingine zimeondoka kama roho, akakiita kwa Kilatini "spiritus sylvestris", roho ya mwituni. Kwa roho za aina hiyo akatunga neno jipya, "gas", kutokana na "chaos" la Kigiriki. Kitabu chenye neno hilo kilitoka mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufa. Na roho ile iliyotoka kwenye makaa tunaiita leo kaboni dayoksaidi. Yaani neno "gesi" waliloliona la kisayansi lilizaliwa likiwa jina la roho, tena roho ileile ya Bulengo.

Kabla ya kuwatumia barua, nilimsomea mama anayeniuzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tafsiri waliyoitaka wao. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya beseni.

"Hiyo kaboni ni nini? Ni mazuku ao ni kitu ingine?"

"Ni mazuku, mama."

"Sasa unaficha jina yake juu ya nini?"

Shirika lilikubali. Kijikaratasi sasa kinaanza hivi: "Hapa kuna mazuku. Usishuke, hata ukiona mtu ameanguka. Ukishuka utaanguka kando yake. Baki juu, ita msaada." Kaboni dayoksaidi imetajwa mara moja, katika aya ya pili. Na mazuku limechapwa kwa herufi zilizosimama.