Pango la kwenye tangazo na pango linaloingia: dhana potofu za wenye fleti Dar es Salaam

Mwenye fleti wa Dar es Salaam ukimuuliza jengo linamlipa kiasi gani, atakutajia bei ya tangazo. "Pale Sinza laki sita kila fleti, ziko nane." Kichwani ameshazidisha na kupata milioni 57 na ushee kwa mwaka. Hesabu hiyo haina fleti iliyokaa tupu tangu Machi, haina fundi bomba, haina gari la majitaka wala TRA. Nyingi ya imani zinazofuata zimezaliwa humo.

"Bora ikae tupu kuliko kushusha bei"

Hakuna dhana inayokula pesa za watu kuliko hii, na hakuna inayotetewa kwa ukali kama hii. Chukua fleti ya laki sita. Mteja amekuja na laki tano na nusu, mwenye nyumba akakataa. Angekubali, angeachia elfu hamsini kila mwezi, yaani laki sita kwa mwaka mzima. Fleti ikikaa tupu mwezi mmoja tu, laki sita hiyo hiyo imeondoka. Kuanzia mwezi wa pili, hata akimpata mpangaji wa bei kamili, mwaka huo hafikii kile ambacho yule wa kwanza angemletea.

Na nyumba tupu ina gharama zake. Maji ya kwenye bomba la choo hukauka, harufu ya shimo ikapanda ndani. Koki hukamata, vumbi na mchwa hupata nafasi, na mlinzi bado anadai mshahara.

Hofu ya wenye nyumba inaeleweka: ukimshushia mmoja, wale saba watasikia. Watasikia kweli, kwenye ngazi hakuna siri. Ndiyo maana wasimamizi wazoefu huacha bei ya mkataba kama ilivyo, wakatoa kitu kingine: wiki mbili za mwanzo bila malipo, rangi mpya, au ruhusa ya kulipa miezi mitatu badala ya sita. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma na soko la nyumba za bei ya juu Dar likalegea, njia ilikuwa hiyo. Kuna waliochagua kusubiri bei irudi. Bei haikuwa na haraka nao.

"Jiji linajaa watu, fleti haiwezi kukosa mtu"

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja zaidi, sawa. Lakini wengi wao wanaanzia chumba na sebule Mbagala au Gongo la Mboto, hawatafuti fleti ya vyumba vitatu masta yenye jipsamu. Swali la kujiuliza kabla ya kuchora ramani ni dogo zaidi: ni nani anafanya kazi karibu na hapa, na mshahara wake ukitoa nauli, ada za watoto na chakula unabakiza kiasi gani? Tangu mwendokasi ianze Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, hata maana ya "karibu" imebadilika.

"Kulipwa miezi sita mbele ndiyo usalama"

Usalama upo, ila wa miezi sita tu. Anayelipwa mshahara kila mwezi hukusanya milioni tatu na laki sita kwa kukopa, kwa mchezo wa kuchangiana kazini au kwa kuuza kitu. Miezi sita ikiisha anatakiwa arudie, na safari ya pili ndiyo inayomshinda. Anahama, tena si kwa sababu nyumba imemchosha. Mwenye nyumba naye alishazimaliza zile pesa mwezi wa kwanza, kwa hiyo pampu ikiungua mwezi wa nne hana kitu mkononi.

Nairobi wapangaji hulipa mwezi kwa mwezi, wakiweka amana mwanzoni, na wenye majengo wa huko hawajafilisika kwa sababu hiyo. Kwa pesa za simu tulizonazo, kukusanya kila mwezi si kazi ngumu. Kazi iko kwenye mkataba: amana ya mwezi mmoja au miwili, tarehe ya kulipa, kinachotokea akichelewa, na orodha ya hali ya nyumba siku anayoingia, yenye picha. Si lazima wote wawekwe kwenye mwezi kwa mwezi. Ila anayelipa kwa wakati miaka miwili na bado unamdai miezi sita kwa mkupuo, unamfukuza mwenyewe.

"Pango la dola ni kinga"

Masaki na Oysterbay hii ilikuwa kama sheria. Mwaka 2022 dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 hivi, mwaka 2024 ikapita 2,700, na kabla mwaka huo haujaisha ikawa imeporomoka chini ya 2,500. Mpangaji anayelipwa kwa shilingi alijikuta pango limepanda bila mtu kumwambia, na aliyekuwa na pa kwenda alikwenda. Halafu Machi 2025 zikaja kanuni za matumizi ya fedha za kigeni: bei ya ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni ni marufuku. Bado naona matangazo yanayoandika "USD" kwa ujanja wa nukta na nyota. Anayetaka kujikinga na mfumuko wa bei aandike kwenye mkataba ongezeko la shilingi linalojulikana tangu mwanzo.

"Jengo la kisasa ni la vioo"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la bei hurekebishwa kwa simu moja, la mchoro unaishi nalo miaka hamsini.

Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua liko juu ya paa. Asubuhi na jioni linapiga chini chini, upande wa mashariki na wa magharibi. Ukuta wa kaskazini au wa kusini unaukinga kwa upenuu mfupi tu, yaani ukingo wa paa uliochomoza nje. Ukuta wa magharibi haukingiki kwa upenuu, jua la saa kumi linaingia chini yake. Ukiweka kioo cha sakafu hadi dari upande huo, umejenga tanuri na kumwachia mpangaji bili ya kiyoyozi. Hatakulaumu. Atasema tu fleti ina joto, kisha atahama.

Upepo nao una ratiba. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi hushika katikati ya mwaka. Jengo ambalo pande zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini, lenye madirisha pande zote mbili za kila fleti, hupitisha hewa mwaka mzima. Fleti zilizopangwa mgongo kwa mgongo na korido ya giza katikati hazipitishi kitu. Waliojenga maghorofa ya zamani ya Upanga, ambayo mengi yalitaifishwa mwaka 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba wa serikali, walilijua hilo: baraza zenye kina, matofali ya matundu kwenye ngazi, madirisha ya luva. Rangi yake imechakaa, lakini ndani bado unapumua.

Kisha kuna maisha yenyewe. Ramani nyingi zinazozunguka mitandaoni zina jiko lililo wazi kuelekea sebuleni na hazina pa kufulia. Samaki akikaangwa, makochi yananuka wiki nzima. Nguo zikifuliwa, zinaanikwa baraza ya mbele, na mwenye jengo anabandika tangazo la kukataza bila kusema zianikwe wapi. Uani mdogo wa nyuma ya jiko, wenye koki, kamba na mahali pa kuweka mtungi wa gesi nje, unapangisha fleti haraka kuliko jipsamu yenye taa za rangi. Na maji: Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, fleti zenye matangi makubwa chini na juu zilijulikana mtaa mzima.

"Weka wageni wa siku, inalipa mara nne"

Laki moja na ishirini kwa usiku, mara thelathini, milioni tatu na laki sita! Ndivyo wanavyohesabu. Nusu ya siku zikiwa tupu inabaki milioni moja na laki nane, na humo unatoa kamisheni ya mtandao, usafi, shuka, intaneti, LUKU ya viyoyozi na mtu wa kumpokea mgeni saa tisa usiku. Hiyo ni biashara ya gesti ndani ya fleti. Wapo wanaoiweza, hasa karibu na bahari na hospitali kubwa. Wanaojenga kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda, wakumbuke kwamba mashindano yale ni ya kama mwezi mmoja.

"Dalali atamleta mteja, bei njoo DM"

Dalali ana nafasi yake. Lakini ukificha bei unapata simu za wadadisi, na mteja wa kweli aliyechoka kutozwa hela ya kuonyeshwa nyumba anapita. Andika bei, mtaa, ghorofa ya ngapi, maji, na kama LUKU ni ya peke yake. Piga picha mchana, madirisha yakiwa wazi, jiko na choo vikiwemo.

"Msimamizi ni wa kukusanya pesa tu"

Kukusanya ndiyo sehemu nyepesi. Umeme wa ngazi unalipwa na nani? Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU na kwa ghorofa huhesabiwa kwa kila sakafu, ni ya mwenye jengo. Mita ikiwa ya mpangaji, yeye ndiye anayekatwa, na msimamizi makini humrudishia kwenye pango. Kodi ya zuio, ile inayokatwa pango linapolipwa, ni asilimia 10 ya pango lote, si ya faida. Majengo ya karibu na bahari yanaliwa na chumvi: ufa mdogo kwenye zege ukiachwa, nondo zinashika kutu na zege linabanduka.

Kwenye majengo ambayo fleti zimeuzwa mojamoja, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawataka wamiliki wawe na chama chao. Vyama vingi hukutana lifti ikishakufa. Mkutano wa maana ni ule wa kabla, wa kupanga kila fleti iweke kiasi gani kwa mwezi kwa ajili ya lifti, pampu na paa, kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Anayenunua fleti Upanga au Mikocheni leo aombe kuona taarifa ya akaunti hiyo kabla ya kuulizia rangi ya kabati za jikoni.