Makubaliano ya tiba: ya kumalizana na mwanasaikolojia kabla hujaanza kueleza yako

Makubaliano ya tiba ni yale ambayo mwanasaikolojia na mteja wake huafikiana mwanzoni: watashughulikia nini, kwa malipo gani, mara ngapi, na lipi litabaki siri na lipi halitabaki. Wengine huyaweka kwenye fomu ya kurasa mbili tatu ambayo mteja anaitia saini, wengine huyazungumza tu katika kikao cha kwanza. Hospitalini sehemu kubwa ya taratibu hizi imekwishapangwa na utawala. Kwa mtaalamu binafsi mnazipanga ninyi wawili, na usipouliza, zitapangwa na mmoja.

Shida ni kwamba anayetafuta tiba huwa amechelewa sana hadi akifika anataka kusema tu. Mlango ukishafungwa, yanamwagika yote. Kikao cha kawaida ni dakika 45 hadi 50 (zinazobaki kwenye saa ni za mtaalamu kuandika kumbukumbu na kuvuta pumzi kabla ya mtu anayefuata), na mtu anatoka amelia, amechoka, hajui hata kikao kijacho ni lini. Ndiyo maana mambo mengine ni bora yamalizwe kwa simu au ujumbe kabla ya miadi. Ujumbe wenyewe hauhitaji historia ya maisha. Huu unatosha: "Tangu nibadilishe kazi silali vizuri na nina hofu nyingi. Je, unashughulikia matatizo ya aina hii? Una nafasi za jioni? Ada yako kwa kikao ni kiasi gani?"

Uliza pia amesomea nini na amesajiliwa wapi. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari kwanza ndipo akabobea, na anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia. Anatibu kwa mazungumzo na kutumia vipimo vya kisaikolojia, na katika nchi nyingi haandiki dawa. Majina kama "mshauri" au "kocha wa maisha" sehemu nyingi hayalindwi na sheria, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuyabandika mlangoni. Penye baraza au bodi ya taaluma, namba ya usajili inaweza kuhakikiwa. Mtaalamu anayekunja uso kwa sababu umemuuliza namba hiyo, mimi nisingerudi kwake.

Kwenye fedha, ada ni swali moja tu kati ya kadhaa. Je, unalipa kabla au baada? Ukiahirisha, unatakiwa kutoa taarifa saa ngapi kabla? Wengi huweka saa 24 au 48, na ukipitisha hapo unalipia kikao ambacho hukuhudhuria. Ukichelewa dakika 20, usitarajie kuongezewa 20 mwishoni, kwa kuwa kuna mtu mwingine nje. Kama utatumia bima, waulize wahusika kama wanataka rufaa ya daktari kwanza, wanalipia vikao vingapi, na kama wanadai jina la ugonjwa ndipo walipe. Hilo la mwisho watu hulisahau. Bima ikidai jina la ugonjwa, basi jina hilo linaingia kwenye majalada yao, na kuna wanaoamua kujilipia wenyewe kwa sababu hiyo tu.

Usiri ndio sehemu ya makubaliano inayoeleweka vibaya kuliko zote. Upo, na ni mkubwa: mtaalamu hatakiwi kumwambia mwenzi wako, mzazi wako wala bosi wako hata kwamba unamwona. Lakini una mipaka. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila mipaka inayotajwa zaidi ni hatari ya wazi kwa uhai wako au wa mwingine, mtoto anayedhulumiwa, na amri ya mahakama. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Tarasoff, iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu ambaye mteja anaelekea kumdhuru, na uamuzi huo umeathiri mjadala wa usiri hata nje ya Marekani. Hii haina maana kwamba ukitamka umechoka kuishi simu itapigwa palepale. Kwa kawaida atakuuliza zaidi: mawazo hayo yanakujia mara ngapi, una mpango, una kitu cha kutumia? Majibu ndiyo yanayomwongoza. (Mwenye hatari ya sasa hivi asisubiri miadi, aende hospitali au apige simu ya dharura.) Mwambie akueleze mipaka yake kwa maneno yake mwenyewe kabla hujafika kwenye lile zito. Muulize pia kama ana msimamizi, yaani mtaalamu mwenzake ambaye hujadiliana naye habari za wateja. Ni jambo la kawaida katika taaluma hii na si dosari.

Huenda ukapewa dodoso. Mojawapo linaloitwa PHQ-9 linauliza mambo tisa ya wiki mbili zilizopita, usingizi na hamu ya kula yakiwemo, na linatoa alama kati ya 0 na 27 za kupima dalili za sonona. Jaza ulivyo, usijipendezeshe. Likirudiwa baadaye, mtaona kama kuna kinachobadilika.

Baada ya hapo ndipo lengo. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa tiba una nguzo tatu: kukubaliana malengo, kukubaliana kazi za kuyafikia, na mshikamano kati ya watu wawili hao. "Nataka niwe na furaha" ni lengo lisilopimika. "Nataka nikae kwenye mkutano hadi mwisho bila kukimbilia chooni" linapimika. Muulize anatumia mbinu gani na huchukua muda gani: tiba ya utambuzi na tabia mara nyingi hupangwa kwa vikao 12 hadi 20 hivi, na tiba zinazochimba utoto na mahusiano zinaweza kwenda miaka. Afikianeni pia ni kikao cha ngapi mtatazama nyuma. Kama kufikia hapo bado unajiona umekaa na mgeni, mwambie. Mtaalamu mzuri atabadili njia au akuelekeze kwa mwingine, na huna deni la kubaki.

Yanabaki madogo ambayo hugombanisha watu: kama unaruhusiwa kumwandikia ujumbe kati ya vikao, na anajibu lini; mkikutana barabarani, nani anaanza kusalimia; kumbukumbu anazoandika anazihifadhi wapi, kwa miaka mingapi, na ukizitaka unazipataje.