Kiti kinacheza? Weka hiyo alenki chini kwanza

Jana tena. Jamaa kaleta kiti cha jikoni, kipya kabisa, nailoni bado imeng'ang'ania kwenye miguu, ananiambia "fundi, nimekaza mpaka mkono unauma na bado kinacheza". Nikakigeuza. Boliti ya mguu wa nyuma inazunguka bure, nati iliyozamishwa ndani ya mbao imeng'oka inazunguka nayo, na pembeni kuna ufa umefuata nyuzi za mbao vizuri kama umepigwa rula. Umekazia nini? Drili. Nikanyamaza kidogo maana nilikuwa na neno mdomoni.

Jamani, kukaza sana sio uimara. Boliti nyingi za viti hivi ni M6, yaani unene wa milimita 6, na alenki (kile kifunguo cha pembe sita kilichopinda kama L) inayokuja kwenye boksi mara nyingi ni ya milimita 4, fupi kama kidole. Watu wanaidharau eti ya kitoto, ila ule ufupi ndio unaokulinda, huwezi kupata nguvu ya kupasua mbao kirahisi. Ukichukua drili umejinyima breki.

Sasa kiini cha tatizo, na hapa ndio watu hawanisikilizi: kiti kinaharibika kwenye boliti ya kwanza, sio ya mwisho. Matundu yanatobolewa makubwa kidogo kuliko boliti ili kuwe na nafasi ya kusogeza. Wewe unafunga mguu wa kwanza unakaza mpaka mwisho, umeshaugandisha kwenye pembe yoyote uliyokuwa nayo wakati huo, ukifika wa nne tundu halilingani, unalazimisha, boliti inaingia mshazari inakula meno, halafu lawama kwa kiwanda. Ingiza zote kwa vidole kwanza. ZOTE. Kaza kidogo, acha kama nusu mzunguko, simamisha kiti sakafuni kwa miguu yake, mtu akikalie ajitikise kidogo kijipange, ndio umalizie kwa kupishanisha kona. Hiyo kazi ya kukaza kiti kikiwa kimepinduliwa juu ya kochi mimi siielewi kabisa.

Halafu "kinacheza" ni magonjwa mawili na kila mtu anayaita jina moja. Shika mgongo wa kiti usukume mbele nyuma huku unaangalia pale mguu unapokutana na fremu. Kama pale panafunguka na kufunga, maungio yamelegea, kaza. Kama pametulia ila mguu mmoja unanyanyuka sakafuni, hata ukaze mpaka Krismasi hutapata kitu, miguu haiko sawa au sakafu haiko sawa. Utajuaje ipi? Kizungushe robo, palepale. Mguu uleule ukinyanyuka, kosa ni la kiti. Ukinyanyuka mwingine, muache mtoto wa watu, sakafu hiyo. Na usikate mguu! Utakata huu, utaona ule mrefu, utakata ule, kiti cha sentimita 45 kinaishia kuwa kigoda. Kwanza legeza boliti zote ukalie ukaze upya, mara nyingi kinatulia chenyewe. Kikigoma bandika kipande cha kitambaa kizito chini ya mguu mfupi.

Baada ya wiki tatu nne kagua tena. Mbao chini ya washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha boliti, inabonyea, inakauka, inasinyaa, kwa hiyo boliti uliyoikaza vizuri inalegea bila mtu kuigusa. Kiti kikianza kulia kikae pembeni siku hiyohiyo, ukiendelea kukikalia kimelegea tundu linatanuka. Na wale wa kuegemea kwa miguu miwili ya nyuma, mzigo wote unahamia kwenye maungio ya nyuma tu, najua hamtaacha.

Gundi kwenye vile vijiti vya mbao vya kuunganishia? Hapo sina msimamo. Zamani nilikuwa natia kila kiti. Siku moja mguu wa nyuma ukapasuka nikashindwa kuutoa bila kuvunja fremu nzima, nikaacha. Vyangu vya nyumbani viko vinne, viwili nilitia viwili sikutia, nia ilikuwa nilinganishe, ila nilisahau kuviwekea alama na mpaka leo sijui ni vipi, vyote vimetulia tu.

Alenki usiitupe kwenye droo, itapotea. Ibandike kwa selotepu chini ya kikalio. Ya jamaa wa jana ilikuwa bado kwenye pakiti yake, haijafunguliwa. Kiti chake nimekitia gundi kwenye ufa kiko kwenye klampu, nikamuuliza viko vingapi nyumbani, akasema sita, vyote kakaza na drili.