Je, wajua kwa nini mahindi yanaanza kuwa njano majani ya chini na sio ya juu?

Ukipita njia ya Tengeru kwenda Usa River wakati mahindi yamefika kiunoni, hasa masika ikiwa imepiga mfululizo, utaliona hili kwenye mashamba mengi tu: juu kijani safi, chini majani mawili matatu yameshakuwa njano. Inama uliangalie lile jani kwa karibu. Unjano haujasambaa hovyo, umeanzia kwenye ncha ukaingia ndani kwa kufuata mshipa wa katikati, umechora herufi V, na pembeni bado kuna kijani. Wengi wanasema jani limezeeka tu au limepigwa na jua, wanapita. Mimi naona hapo tunapitwa na jambo kubwa sana, maana lile jani mmea wenyewe ndo unalifungua, seli kwa seli, kwa mpangilio kabisa, na vitu vyake vinapelekwa juu kwenye majani machanga na baadae kwenye punje.

Chanzo ni kukosa naitrojeni, kile kirutubisho kilichomo kwenye mbolea ya kukuzia. Mvua ikizidi inaisukuma chini kwenye udongo mpaka mizizi haiifikii, na kama mbolea ya kukuzia imechelewa ndo basi, mmea hauna pa kwenda kutafuta nyingine. Sasa naitrojeni ndo kiungo muhimu cha protini, na kwenye jani protini nyingi zimejazana kwenye kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kwenye mimea mingi asilimia 70 na zaidi ya naitrojeni ya jani iko humo. Kwa hiyo akiba ya mmea ni majani yake mwenyewe, na unaanza na ya chini kwa sababu yameshazibwa na kivuli, chakula yanachotengeneza ni kidogo. (Ukiona majani machanga ya juu ndo yanapauka wakati ya chini yako sawa, hiyo ni shida nyingine, mara nyingi madini kama chuma ambayo mmea hauwezi kuyahamisha kirahisi, usikimbilie urea.)

Haya, linafunguliwaje? Seli ya mmea iliyokomaa ina chumba kikubwa katikati kinaitwa vakuoli, kinaweza kuchukua mpaka asilimia 90 ya nafasi yote, vitu vingine vyote vimebanwa pembeni ukutani. Shuleni tuliambiwa ni stoo ya maji, na ni kweli maji yake ndo yanafanya jani lisinyauke, ila humo ndani kuna tindikali na kuna vimeng'enya vya kukata protini, mafuta na vingine vingi. Vikimwagika nje seli yote imekwisha. Sasa kitu kilichopo nje kinaingizwaje humo bila kufungulia hatari?

Kuna utaratibu unaitwa otofaji. Utando mwembamba unajitokeza karibu na mzigo, mzigo wenyewe unaweza kuwa kipande cha kloroplasti, au mitokondria (kichembe kinachozalisha nguvu ya seli) iliyoharibika, au protini zilizogandamana, basi utando unarefuka, unajikunja, unauzunguka ule mzigo mpaka unajifunga kabisa na unakuwa kamfuko kenye kuta mbili. Hizo kuta mbili ndo siri yenyewe. Kamfuko kakifika kwenye vakuoli, ukuta wa nje unaungana na utando wa vakuoli, na ule wa ndani unadumbukia pamoja na mzigo, hakuna tone lililovuja nje. Humo unakatwakatwa, protini zinarudi kuwa amino asidi, vile vipande vidogo vinavyoziunda, zinatolewa, zinapakiwa kwenye floemu, mirija inayosafirisha chakula cha mmea, na safari ya kwenda juu inaanza. Ni kama mtu anayebomoa nyumba ya zamani taratibu, anatoa mabati, mbao na milango akajengee kwingine.

Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, nayo ina habari yake. Ukiiacha imelegea huku jua linawaka inazalisha kemikali zinazochoma seli, kwa hiyo mmea unaivunja hatua kwa hatua mpaka inakosa rangi, halafu mabaki yanatupwa kwenye vakuoli na yanabaki humo humo. Na ule unjano unaouona haujaja mpya, ni rangi za karotenoidi zilizokuwepo tangu mwanzo, kijani ndo kilikuwa kinazificha.

Tumeyajuaje haya? Kwa hamira, hii hii ya maandazi, ambayo ni viumbe hai vya seli moja moja vyenye vakuoli pia. Christian de Duve wa Ubelgiji alikuwa ameshaupa utaratibu huu jina mwaka 1963, ila jinsi unavyoendeshwa haikujulikana. Mjapani Yoshinori Ohsumi akachukua hamira ambayo vimeng'enya vya vakuoli yake vina hitilafu, akainyima chakula, na kwa kuwa mizigo iliingia ikakosa wa kuikata, ikarundikana mpaka akaiona kwa hadubini ya kawaida. Kuanzia hapo akatafuta jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) zinazohusika moja moja, na 2016 akapewa tuzo ya Nobel. Jeni za aina hiyo hiyo zipo kwenye mahindi na zipo kwetu sisi pia, hilo kwangu ni la ajabu kuliko yote.

Wanasayansi wameshajaribu kuziharibu hizo jeni kwenye mimea waone. Ungedhani mmea usioweza kuyabomoa majani yake utabaki kijani muda mrefu, wapi, majani yake yanawahi kuwa njano na kufa, kwa sababu uchafu unalundikana ndani ya seli na njaa ikija hauwezi kuivumilia. Mahindi ya namna hiyo yakikosa naitrojeni yanadumaa, na punje zinapungua.

Na sio kukosa naitrojeni tu kunakowasha huu utaratibu, giza pia. Sukuma wiki ikifungwa kwenye kiroba toka asubuhi, ikalala humo siku mbili, unaitoa ikiwa njano, na ukiichanganya na ndizi zinazoiva inawahi zaidi maana zinatoa gesi ya ethilini inayoharakisha uzee wa majani. Lile jani limekatwa lakini seli zake bado ziko hai, hazina mwanga, sukari imeisha, basi zinaanza kula protini zao zenyewe zipate nguvu.

Sasa hapa nataka tuongee sisi wenye ng'ombe wa ndani, Machame, Kibosho, Meru, kote tunakochuma majani ya mahindi kuwalisha. Jani la kijani ukilichuma wakati punje bado zinajaa umechukua naitrojeni na sukari iliyokuwa inaelekea kwenye hindi, na yale yaliyo karibu na hindi ndo mabaya zaidi kuyagusa. Lililokauka kabisa lenyewe chuma tu, cha maana kimeshahama, ingawa kwa ng'ombe nako protini imebaki kidogo. Ukitaka kujua kama hindi limeshamaliza kupokea, nyofoa punje moja ya katikati uangalie kitako chake pale ilipokuwa imeshikia gunzi, kwangua kidogo kwa ukucha. Ukikuta alama nyeusi, mlango umefungwa, hakuna kinachoingia tena, kata majani yote unayotaka.