Je, wajua kwa nini kesi ya rada iliishia kwenye vitabu vya hesabu?

Kwenye baraza la kahawa pale Ngamiani, Tanga, mazungumzo yakigusa kampuni za kigeni, rada haikosi kutajwa, na mara nyingi huelezwa hivi: Waingereza waliitia hatiani kampuni yao wenyewe, BAE Systems, kwa kuihonga Tanzania. Maelezo hayo yameenea mno, lakini si sahihi. Hukumu iliyotolewa London tarehe 21 Desemba 2010 ilihusu kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Shtaka la hongo halikuwapo.

Rada hiyo ya kuongozea ndege iliuzwa kwa mkataba wa mwaka 1999 kwa takriban dola milioni 40. Kati ya fedha hizo, dola milioni 12.4, yaani karibu theluthi ya bei, zilikwenda kwa kampuni za mshauri mmoja wa masoko, na katika vitabu vya BAE zikaandikwa kuwa malipo ya huduma za kitaalamu. Jaji hakuficha alivyoyaona malipo hayo: alisema ingekuwa ujinga mkubwa kudhani kwamba mtu huyo alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Hata hivyo, jaji huadhibu kosa lililo mbele yake. Kwa hiyo anayedai kuwa mahakama ilithibitisha nani alipokea nini anataja jambo ambalo haikulifikia, na anayedai kuwa kampuni ilisafishwa hana pa kushika katika hukumu hiyo.

Adhabu nayo ilikuwa ya ajabu. BAE ilikuwa imekubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 30, ukiondoa humo faini yoyote ambayo mahakama ingeitoza, maana yake ni kwamba kila pauni iliyoongezwa kwenye faini ingepunguzwa kwenye fungu la Tanzania. Jaji akajikuta hawezi kuikaripia kampuni kwa faini nzito bila kuwaumiza walioumizwa. Alitoza pauni 500,000, na zile milioni 29.5 zilizobaki zikaelekezwa kwenye vitabu vya kiada na madawati.

Kwa nini basi waendesha mashtaka washike hesabu na kuiacha hongo? Wenyeji wa Tanga wanaweza kulifikiria robota la mkonge. Robota likifika ng'ambo na lebo inayosema daraja la kwanza, kumbe ndani kumeshindiliwa singa fupi zilizochafuka, mnunuzi hana haja ya kumjua aliyelishindilia, aliyemtuma, wala walichonong'onezana ghalani. Hulifungua, akailinganisha lebo na kilichomo, na hilo peke yake linamtosha kumdai muuzaji. Kuthibitisha hongo ni sawa na kurudi ghalani kutafuta mashahidi: lazima apatikane mtoaji, mpokeaji na nia yao, tena katika nchi mbili au tatu. Kuthibitisha hesabu ya uongo ni kusoma lebo na kufungua robota. Zaidi ya hayo, lebo huidhinishwa na wakubwa, ndiyo maana lawama hupanda hadi kwa uongozi.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1970 zaidi ya kampuni 400 zilikiri kutoa malipo yenye mashaka, na sheria yao ya mwaka 1977 ikayaweka pamoja makatazo ya hongo na masharti ya vitabu vya hesabu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi: kampuni ina kosa ikiwa mtu anayeitumikia ametoa hongo kwa faida yake, na utetezi wake ni kuonyesha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia.

Kifungu hicho kilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na Tanzania ikatajwa tena. Standard Bank ya London na kampuni dada yake, Stanbic Tanzania, zilikuwa zimeisaidia serikali kukopa dola milioni 600. Ada iliyokuwa asilimia 1.4 ilipandishwa hadi 2.4, na ile asilimia moja ya nyongeza, dola milioni 6, ikalipwa kampuni ya washauri ya hapa nchini ambayo haikuonekana kufanya kazi yoyote. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa taslimu ndani ya siku chache, na waliopaza sauti walikuwa wafanyakazi wa Stanbic wenyewe. Kosa la London lilikuwa kuwaachia wenzao wa Dar es Salaam kazi ya kuwachunguza washauri hao.

Shauri hilo halikumalizika kwa kutiwa hatiani, bali kwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaani mashtaka husimamishwa mradi kampuni itimize masharti, nayo yaliidhinishwa na mahakama. Tanzania ilirudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba ya takriban milioni moja, ilhali faini ya milioni 16.8 na faida ya milioni 8.4 ambayo benki ilitakiwa kuitapika ziliingia katika hazina ya Uingereza.