Viini 14 havikupi gemu laini

Kila wekstesheni (kompyuta za kazi nzito) za mtumba zikifika hapa Lubumbashi, swali ni lile lile: "Mukubwa, Xeon ya viini 14 si lazima iishinde i5 kwenye gemu?" Hapana. Xeon ni prosesa ya Intel ya wekstesheni na seva, i5 ni ya kompyuta za kawaida, na kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake. Inaniuma kuona vijana wakimaliza dola zao kwa ajili ya hiyo 14.

Chukua mfano wa Xeon E5-2680 v4. Ina viini 14, nyuzi 28 (mikondo ya kazi inayokwenda pamoja), lakini kasi yake ya msingi ni GHz 2.4 na hata ikijikaza haipiti 3.3. E5-1650 v3, ambayo wanunuzi huipita kwa kuwa ina viini 6 tu, huanzia 3.5 na kufika 3.8. Kwa gemu nyingi, chukua hiyo ya 6. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7, na kuna uzi mkuu mmoja unaoendesha gemu na kuiagiza kadi ya grafiki cha kuchora. Uzi huo ukichelewa, nyuzi nyingine zinakaa kuusubiri.

Halafu mtu anafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta imebanwa kiasi gani, anaona prosesa iko 15%, anasema kadi ndiyo mbovu. Ananunua kadi nyingine, gemu inakwama vilevile! Piga hesabu: uzi 1 kati ya 28 ukijaa kabisa, pale unaonekana kama 3.6% tu. Hata ukifungua grafu ya kila uzi unaweza usione uliojaa, maana Windows huihamisha kazi kutoka kiini hadi kiini. Tazama kadi: ondoa kikomo cha fremu, zima V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini), cheza. Kadi ikibaki 50 au 60%, prosesa ndiyo inayoichelewesha.

Anayehariri video mchana na kucheza usiku hunipa shida kumshauri. Viini vingi vinamlipa kazini, na sioni haki kumwambia aviache.

Kadi ya grafiki ya Quadro M4000, ya wekstesheni, ina chipu ileile ya GTX 970, kadi ya gemu, na memori GB 8. Ikija ndani ya mashine, itumie. Usiongeze pesa kwa jina: kilichoipandisha bei ni draiva zilizothibitishwa kwa programu za wahandisi. E5 za v2 ziache kabisa, hazina AVX2 (seti ya amri za prosesa), na baadhi ya gemu mpya hazifunguki bila hiyo. Rami za RDIMM, yaani za seva na wekstesheni, huingia vizuri kwenye ubao wa kawaida wa DDR4, ila mashine haiwaki; usizinunue ukitegemea kuzihamisha.

Sasa umeme. Pawasaplai za HP na Dell hizi nyingi zina plagi zao wenyewe, kwa hiyo hesabu nyaya za kadi kabla ya kulipa. Usidanganywe na adapta ya kutoa pini 8 kwenye SATA: plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, pini 8 huruhusu kadi kuvuta 150. Inaweza kuyeyuka. Na onduleri (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 hivi. E5-1650 v3 ni wati 140, kadi ya RTX 3060 ni 170, bado diski, feni na skrini. SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya gemu, onduleri hiyo inaweza kuzima papo hapo. Chukua ya VA 1000 au zaidi, na usome wati zilizoandikwa nyuma yake.