Je, wajua kwa nini kapteni mmoja akistaafu, marubani watano hurudi darasani?

Tuseme kapteni wa Dreamliner, yaani ndege kubwa ya Boeing 787, amerejea jana kutoka New York, na leo amepanda ndege ya Jambojet kutoka Nairobi kuja Kisumu, anaelekea kwao Siaya kwa matanga. Ndege ni Dash 8-400 ya propela mbili, yenye viti 78. Kabla haijaondoka, rubani wake anashikwa na homa ghafla. Je, kapteni huyu aliyevuka Atlantiki anaweza kuinuka kwenye kiti chake cha abiria, aingie mbele na kuwafikisha watu Kisumu, safari isiyofika hata saa moja?

Hawezi. Sheria haimruhusu, na yeye mwenyewe hangekubali.

Leseni ya rubani huandikwa aina ya ndege aliyofuzu. Mwenye idhini ya Boeing 787 hana ruhusa ya kugusa Dash 8 hadi aisomee upya: umeme wake, mafuta yake, breki zake, kasi zake za kupaa na kutua. Masomo hayo huanza darasani, kisha huhamia kwenye simuleta, yaani chumba cha rubani kilichojengwa juu ya miguu ya haidroliki au ya umeme inayokiyumbisha kila upande. Humo mwalimu huketi nyuma ya wanafunzi wawili akiwa na skrini yake. Ndege ikiwa inakimbia barabarani, karibu kupaa, anabonyeza kitufe na injini moja inapoteza nguvu na kuwaka moto. Mmoja anashikilia ndege ielekee mbele kwa mguu uliokazwa kwenye pedali, mwenzake anasoma kengele na taa, na hakuna anayezima injini yoyote kabla wote wawili hawajathibitisha ni ipi. Wakimaliza, mwalimu anawarudisha mwanzo wa barabara na kuwapa hitilafu nyingine. Kwa kuwa simuleta moja hugharimu mamilioni ya dola, mashirika huitumia usiku na mchana, na si ajabu rubani kupangiwa zamu ya saa nane usiku. Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo, anaanza kurusha abiria, lakini pembeni yake anaketi kapteni mwalimu hadi atakapothibitishwa.

Sasa, nani huamua rubani yupi ahamie ndege ipi? Wengi hudhani ni kipaji. Katika mashirika mengi makubwa, hasa ya Marekani, uamuzi huo hutokana na tarehe ya kuajiriwa. Kila rubani ana namba kwenye orodha ya ukongwe kazini, na nafasi ikitangazwa, aliye juu zaidi kwenye orodha hiyo kati ya walioiomba ndiye huipata, mradi afaulu mafunzo. Ni kama foleni ya matatu stejini: gari lililofika kwanza ndilo hupakia kwanza, hata lile la nyuma likiwa jipya na lenye muziki mtamu. Desturi hii ilikuwepo kwenye reli kabla ya ndege. Sisi watu wa Kisumu, mji uliokua pale reli ilipofika ziwani mwaka 1901, tungeielewa upesi. Huko Marekani, sheria ya kazi za reli ilipanuliwa mwaka 1936 ikayaingiza mashirika ya ndege, na hadi leo migogoro ya marubani wao huamuliwa chini ya sheria hiyohiyo.

Hapo ndipo hesabu ya wale watano inapotoka. Chukua shirika lenye ndege za aina tatu: kubwa ya masafa marefu, jeti ya wastani, na ya propela. Kapteni wa ndege kubwa anatimiza miaka 65, umri ambao kanuni za kimataifa humzuia kuendelea kurusha abiria kati ya nchi na nchi. Kiti chake kinachukuliwa na kapteni wa jeti, ambaye lazima aisomee ndege kubwa. Kiti cha jeti kinaombwa na rubani msaidizi wa ndege kubwa anayetaka hatimaye kuwa kapteni. Naye anaingia darasani. Nafasi yake ya usaidizi inachukuliwa na msaidizi wa jeti, ya huyo inachukuliwa na msaidizi wa propela, na mwisho anaajiriwa kijana mgeni. Amestaafu mmoja, wamesoma watano. Wote wanalipwa mshahara, na wakiwa masomoni hakuna abiria wanayembeba.

Mpangaji wa mafunzo anaweza kuwaona wastaafu miaka mingi kabla hawajafika. Ugonjwa na kujiuzulu ndivyo humpiga chenga. Kinachombana zaidi ni walimu, maana mwalimu wa simuleta kwa kawaida ni rubani mzoefu wa shirika lilelile: kila siku anayofundisha, kuna safari ambayo hakuirusha. Shirika lililopungukiwa na marubani hulazimika kuwatoa wachache lililo nao ili wakafundishe wapya, na kwa muda fulani upungufu huzidi.

Shirika la Delta la Marekani lililiona jambo hili kwa ukubwa wake. Mwaka 2020, korona ilipowafungia abiria majumbani, takriban marubani wake 1,800 walikubali kustaafu mapema. Mwaka huohuo likaziondoa Boeing 777 na ndege za MD-88 na MD-90. Waliostaafu walikuwa wengi wao kileleni mwa orodha, na waliobaki bila ndege walihitaji kujifunza nyingine. Abiria waliporudi, ndege zilikuwepo na marubani walikuwepo, ila wengi walikuwa kwenye foleni ya simuleta.

Kuharakisha mambo hapa ni hatari. Novemba 15, 1987, ndege ya DC-9 ya shirika la Continental la Marekani iliondoka Denver theluji ikianguka, ikaanguka palepale uwanjani. Watu 28 kati ya 82 walikufa. Aliyekuwa akiirusha ni msaidizi mwenye saa 36 tu kwenye aina hiyo ya jeti, na kapteni wake alikuwa na saa 33 tu za ukapteni kwenye DC-9. Kila mmoja alikuwa amefuzu. Kosa la kiutawala lilikuwa kuwaweka pamoja. Siku hizi kanuni hukataza wageni wawili wa ndege moja kupangwa chumba kimoja cha rubani, na ndiyo maana mpangaji hawezi kuwahitimisha watu wengi kwa mpigo na kuwaachia safari.

Kuna marubani wanaokataa kupanda cheo. Kapteni mpya huwa wa mwisho miongoni mwa makapteni, kwa hiyo Krismasi yuko kazini na siku nyingine anakaa akisubiri simu ya kuziba pengo. Msaidizi mkongwe wa ndege kubwa huchagua siku zake. Isitoshe, anayeruka Kisumu na Mombasa anaweza kutua mara nne kwa siku moja. Safari ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 na hubeba marubani wanne, huku kutua kukiwa kumoja tu. Kanuni inadai kila rubani awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Wa masafa marefu wakati mwingine hupelekwa simuleta ili tu kutimiza idadi hiyo.

Mimi naona mfumo huu una ukali, lakini naupendelea. Kapteni anayejua kwamba ndege yake ya kesho haitegemei tabasamu la meneja anaweza kusema leo hatuondoki, hali ya hewa si nzuri, na asipoteze chochote. Ukali wake huonekana mwajiri anapokufa. Shirika la Pan Am la Marekani lilipofungwa Desemba 1991, makapteni wa miaka mingi walioajiriwa kwingine walianza mkiani kama vijana. Hata kuungana kwa mashirika huumiza: US Airways na America West ziliungana mwaka 2005, na marubani wao wakavutana kwa miaka mingi mahakamani kuhusu nani aandikwe juu ya nani. Rubani wa Kenya anayehamia Ghuba hupima jambo hilohilo, isipokuwa akipata shirika lililopungukiwa kiasi cha kuajiri makapteni moja kwa moja.

Na wawili walioajiriwa siku moja, darasa moja? Mashirika mengi ya Marekani hutazama tarehe ya kuzaliwa: mkubwa kwa umri huwekwa juu, kwa kuwa atafikisha miaka 65 mapema na ana miaka michache ya kuifaidi namba yake. Mengine hutumia tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya kila mmoja, na hivyo tarakimu alizopewa mtu zamani, kabla hajagusa ndege, ndizo zinazoamua nani ataingia kwanza kwenye kiti cha kushoto, kile cha kapteni.